Tusiinyime Mimea Usiku Wake

Msafiri ashukaye Maungu usiku, katika wadi ya Marungu, huona sura mbili za usiku. Kando ya barabara kuu ya Mombasa, taa za maduka na malori zimeufanya usiku kuwa mchana. Hatua chache kuelekea Kasigau, giza la nyika ni lile lile walilolijua mababu. Wengi wetu huiita sura ya kwanza maendeleo na ya pili umaskini. Ningeomba walimu na wanafunzi waitafakari upya hukumu hiyo.

Mmea hautumii mwanga kujilisha tu. Huupima pia urefu wa usiku. Mwaka 1920, wanasayansi wawili wa Marekani, Garner na Allard, walidhihirisha kwamba aina fulani ya tumbaku haikuchanua mpaka siku zilipofupika. Baadaye ikabainika kuwa kinachopimwa hasa ni giza lisilokatizwa. Wakulima wa maua huitumia siri hiyo: huwasha taa usiku makusudi ili krisanthemu zichelewe kuchanua. Mbaazi zetu za asili nazo hungoja usiku urefuke. Hapa karibu na ikweta, tofauti baina ya usiku mrefu na mfupi kabisa wa mwaka haifiki nusu saa. Basi taa iliyosimikwa kando ya shamba yaweza kuivuruga hesabu nyembamba kama hiyo.

Mbuyu nao hufungua maua yake jioni, ukawangoja popo wauchavushe. Nchini Uswisi, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa katika majani yaliyomulikwa usiku, wadudu wachavushaji walizuru maua kwa uchache wa asilimia 62. Wahenga walinena: penye urembo ndipo penye urimbo.

Tugeukie umeme. Taa moja ya wati 100 ikiwaka saa 12 kila usiku hutumia yuniti 438 kwa mwaka. Balbu ya wati 10 anayosomea mwanafunzi kwa saa nne kila usiku hutumia yuniti 14.6. Kwa hiyo taa moja inayomulika ua mtupu hula umeme wa kutosha wanafunzi thelathini. Nayo huwashwa jioni, wakati ambapo mahitaji ya umeme nchini hufikia kilele na mitambo ya mafuta ya pwani huitwa kusaidia.

Najua nitaulizwa: na wezi je? Na ndovu? Sisemi taa zizimwe zote. Nasema ziwe na kofia ya kuuelekeza mwanga chini, njiani apitapo mtu, si mbinguni wala shambani. Rangi yake iwe ya manjano, si nyeupe kali. Na pale pasipo mpitaji baada ya saa sita za usiku, zipunguzwe au zizimwe. Serikali ya Kaunti ya Taita Taveta ingeweza kuyaandika masharti hayo katika kila zabuni ya taa za barabarani.

Walimu hawana haja ya kungoja kaunti. Na wapande mstari wa mbaazi za asili kuanzia chini ya taa ya shule hadi gizani, kisha wanafunzi wahesabu siku hadi ua la kwanza la kila mche. Somo hilo halihitaji maabara, na jibu lake watalibeba nyumbani kwa wazazi wanaolima.