Gari la Kale Lifufuliwe Kuanzia Chini

Wengi wanaofufua magari ya kale huanza na yale yaonekanayo: rangi, viti na vioo. Springi na ekseli huachwa mwisho, au hupakwa rangi nyeusi juu ya kutu, kazi ikadhaniwa imekwisha. Mazoea hayo hayana budi kuachwa, kwani uhai wa abiria umeshikiliwa na vyuma vya chini. Wahenga walikwisha kuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mfano mzuri ni Land Rover, gari lililooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na ambalo baadaye lilienea sana katika Afrika ya Mashariki. Magari ya awali ya aina hiyo yana ekseli mbili, kila moja ikiwa na springi mbili za mabamba ya feleji. Springi hutii kanuni iliyoelezwa na Robert Hooke mwaka 1678: ikiwa newtoni 1,000 zinaishusha kwa sentimita 2, newtoni 2,000 zitaishusha kwa sentimita 4, maadamu haijavuka kikomo cha mnyumbuko wake.

Miaka ikipita, mabamba hulegea, na kutu huyakwamisha yasiteleze. Fundi mwenye haraka huongeza bamba moja, gari likainuka, mwenyewe akafurahi. Lakini springi hiyo sasa ni ngumu kupita kiasi. Mshtuko ambao ingeumeza hupelekwa kwenye fremu, na gurudumu hurukaruka badala ya kushika barabara. Gurudumu lililo hewani halina breki. Njia iliyo sahihi ni kufungua springi, kusafisha kila bamba, kubadilisha lililopasuka, na kurudisha umbo la asili.

Kosa kubwa zaidi ni kuchomelea bamba lililovunjika. Feleji ya springi hupata sifa zake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo maalumu. Joto la kuchomelea huharibu mpangilio huo, na bamba lionekanalo zima huweza kukatika tena karibu na kiungo.

Kuhusu ekseli, historia imekwisha kutoa fundisho chungu. Tarehe 8 Mei 1842, ekseli ya garimoshi lililokuwa likitoka Versailles kwenda Paris ilivunjika, na zaidi ya watu 50 wakafa. Uchunguzi wa William Rankine, na baadaye majaribio ya August Wöhler, ulibainisha kwamba chuma huchoka: mzigo usioweza kukivunja mara moja huweza kukivunja ukirudiwa mara nyingi mno. Ufa huanza aghalabu juu ya uso, penye kona kali au kishimo cha kutu, kisha hukua kimyakimya. Kwa hiyo anayepaka rangi juu ya kutu huficha mahali ambapo hatari huzaliwa.

Wako watakaosema kwamba uangalifu huo ni wa gharama. Vipuri vipya vina bei, ni kweli. Lakini uchunguzi wa kwanza wahitaji mafuta ya taa na chaki tu. Chuma husafishwa, hupakwa mafuta, hupanguswa kikakauka, kisha hupakwa unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka na kuchora mstari juu ya weupe. Nyufa ndogo sana huhitaji vyombo bora zaidi, na shafti inayotiliwa shaka yafaa itupwe.

Jaribio hilo, pamoja na lile la kupima springi kwa mawe ya mizani na rula, lingeweza kufanywa katika shule yoyote ya sekondari iliyo jirani na gereji. Mwanafunzi aliyeuona ufa kwa macho yake hataikubali rangi kuwa ushahidi wa uzima. Rangi ipakwe, lakini ipakwe mwisho.