TAYA LIMETENGENEZWA, MAISHA JE?



Mchango tunaujua sisi. Mtu akipatikana na saratani ya mdomo, kundi la WhatsApp linafunguliwa, msikiti unachanga, majirani wakristo wanachanga, jamaa walioko Ghuba wanatuma chochote. Siku ya upasuaji dua zinasomwa. Akitoka salama tunasema alhamdulillahi, na kundi linafungwa. Hapo ndipo tunapokosea, manake kwake yeye safari ndiyo kwanza inaanza.

Hebu tuelezane. Uvimbe ukishaingia kwenye mfupa, daktari hana budi kukata kipande cha taya. Tangu mwaka 1989 kuna njia ya kulijenga upya: unachukuliwa mfupa ule mwembamba wa mguu, chini ya goti, pamoja na mishipa yake ya damu, unakatwa kwa umbo la taya, unashikwa kwa vyuma na mishipa inaungwa shingoni. Mguu unabaki na mfupa wake mkubwa, na mtu hutembea. Ni kazi ya ajabu, lakini taya jipya haliji na meno. Na wengi baada ya upasuaji hupigwa mionzi, ambayo hukausha mate na kukaza misuli hadi mdomo hauachami vizuri.

Sasa mfikirie mtu huyo miaka mitano baadaye. Harusini sinia la pilau linawekwa kati, yeye anasema ameshiba. Futari yake ni uji, tena polepole, kwa maji pembeni. Simu hapokei kwa sababu maneno hayatoki sawa na akirudia mara tatu anaambiwa "sikusikii". Aliyekuwa akisomesha madrasa au kuuza duka anahesabika hawezi, na akili yake ni ileile. Watoto wa mtaa wamempa jina, na wakubwa tunacheka.

Tusidanganyane, hilo ni suala la haki. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na aitwe kwa namna isiyomdhalilisha. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa. Afya haiishii siku ya kutolewa nyuzi.

Kwa hiyo tunadai nini? SHA ilipoanza Oktoba 2024, matibabu ya saratani yaliwekewa kikomo cha shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka. Upasuaji na mionzi vikishakula pesa hizo, nani atalipa meno bandia? Nani atalipa mtaalamu wa kufundisha kusema na kumeza? Tunataka mambo haya yahesabiwe kuwa matibabu yenyewe, yasiitwe urembo. Tena yapatikane karibu. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Mtu hawezi kufunga safari hiyo kila wiki kwenda kufanyishwa mazoezi ya kufungua mdomo. Serikali ya kaunti iweke kliniki ya ufuatiliaji, hata mara moja kwa mwezi, katika hospitali za Malindi na Kilifi.

Na sisi wenyewe pia tujiulize. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka na Pwani ikawaka moto kwa mjadala. Sawa. Lakini popoo, kuberi na tumbaku ya kutafuna ziko dukani, karibu na peremende. Tawi la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani lilishasema wazi mwaka 2004 kuwa popoo, hata bila tumbaku, husababisha saratani. Tambuu ni ya bibi zetu, ndiyo. Heshima ya bibi haitapungua tukiacha popoo.

Ukiona kidonda mdomoni kisichopona kwa wiki tatu, baka jeupe au jekundu, au mdomo unaanza kukaza, nenda hospitali. Usingoje kiume. Uvimbe mdogo mara nyingi hukatwa bila kugusa taya. Na ikiwa ulishapigwa mionzi, usikubali kung'olewa jino kabla hujamwambia daktari wa meno, kwani mfupa uliopigwa mionzi hupona kwa shida na unaweza kuoza.

Kundi lile la mchango tusilifunge. Libaki kwa zamu: nani anampeleka kliniki, nani anampikia chakula laini, nani anaketi naye akisema polepole, bila kumkatiza. Harusini mwekeeni bakuli lake pembeni ya sinia, ale na wenzake.

Unamjua mtu kama huyu mtaani kwako? Basi leo jioni mpitie. Mwache aseme yeye, wewe sikiliza.