Hesabu ya Wagonjwa wa Kifua Kikuu Itimie

Askari anajua maana ya kuitwa majina. Kikosi kinapopanga safu asubuhi, kila jina husomwa na kila jina hutolewa maelezo: yupo, ni mgonjwa, yuko likizo, ametumwa kazini, au ametoroka. Sajini akitaja waliopo tu na kuwanyamazia wengine, mkuu wake hatamkubalia. Twaona kuwa desturi hiyo yafaa ifuatwe pia katika vita dhidi ya kifua kikuu.

Ugonjwa huu unatibika. Majaribio yaliyoanza mwaka 1970 katika nchi za Afrika Mashariki, Uganda ikiwamo, yalionyesha kwamba matibabu yaliyokuwa yakichukua mwaka mmoja na zaidi yaweza kumalizika kwa miezi 6. Lakini dawa pekee haitoshi; sharti ijulikane kila aliyeianza ameishia wapi. Nchi jirani ya Tanzania ilipoanzisha mpango wake wa taifa mwaka 1977, ikisaidiwa na Daktari Karel Styblo, wagonjwa walioandikishwa katika robo moja ya mwaka walifuatwa kama kundi moja mpaka mwisho. Miaka ya 1990 utaratibu huo ulienezwa duniani na Shirika la Afya Duniani.

Leo rejesta huwa na mafungu 6: waliopona, waliomaliza dawa, walioshindwa na dawa, waliofariki, walioacha dawa kwa miezi 2 mfululizo au zaidi, na wale ambao matokeo yao hayajulikani. Mafungu mawili ya kwanza ndiyo huitwa mafanikio.

Tuchukue mfano. Zahanati imeandikisha wagonjwa 40. Waliopona ni 26, waliomaliza dawa 4, aliyeshindwa na dawa 1, waliofariki 3, walioacha 2, na 4 walihamishwa wasisikike tena. Mafanikio ni watu 30 kati ya 40, yaani asilimia 75. Lakini mwandishi akiwafuta wale 6 wa mwisho, mafanikio yatakuwa 30 kati ya 34, yaani asilimia 88, na zahanati itasifiwa kuwa imepita lengo la asilimia 85 lililowekwa na mataifa mwaka 1991. Hakuna aliyepona zaidi. Waliopungua ni waliohesabiwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua.

Mambo haya yanawahusu ninyi, ndugu askari na polisi, kuliko wengi. Mnalala katika mabweni yaliyojaa, na uhamisho ni sehemu ya kazi yenu. Askari hupata nafuu baada ya wiki chache, kikohozi hutulia, kisha hupata amri ya kuhama. Huko aendako hapana anayejua kwamba alikuwa akinywa dawa. Anayeiacha njiani aweza kuugua tena, kuambukiza wenzake wa chumba kimoja, na kulea vijidudu ambavyo dawa za kawaida haziviwezi.

Hatusemi haya ili kuwalaumu waganga, ambao wengi wao hufanya kazi kubwa kwa vifaa vichache. Twasema kwa kuwa takwimu zilizopambwa huwanyima hata wao msaada wanaostahili.

Kwa hiyo twatoa mwito. Mkuu wa kikosi asimhamishe mgonjwa kabla zahanati haijampa barua, kadi na dawa za kumfikisha aendako. Zahanati inayompokea na itume jibu kwa ile iliyomtuma. Askari anayekohoa wiki 2 aruhusiwe kupimwa makohozi bila kuitwa mvivu. Na taarifa za kila robo mwaka zionyeshe mafungu yote 6, hata yale yasiyopendeza.

Askari hamwachi mwenzake uwanjani bila kujua yu hai au amekufa. Basi asiachwe pia katika rejesta ya hospitali. Kila jina lililoandikwa siku ya kwanza ya dawa lazima lijibiwe siku ya mwisho.