Pikipiki ya Babu Haikubali Mwakenya

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao, na leo nimeshika kalamu kumtetea mzee mmoja wa chuma ambaye nusura auzwe kwa kilo.

Muhula uliopita tuliombwa darasani tusimame mmoja mmoja, kila mtu ataje uraibu wake. Wenzangu walitaja kandanda, riwaya na muziki. Mmoja akasema uraibu wake ni kulala, tukacheka. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Uraibu wangu ni kufufua pikipiki kuukuu ya babu yangu." Lo! Kicheko kilichofuata kilimshinda hata yule wa kulala. Sauti ikatoka viti vya nyuma, "Karo yote hiyo, kumbe utaishia jua kali!" Niliketi uso umeniiva. Siku hiyo sikuwa na jibu. Jibu langu ndilo hili.

Pikipiki yenyewe ni BSA Bantam D1, yenye injini ndogo ya sisi 123. Babu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Limuru. Aliinunua ikiwa imeshatumiwa na mtu mwingine, akaiendesha miaka mingi katika njia za matope baina ya mashamba ya majani chai. Ilipomzimikia kabisa aliisukuma hadi bandani akaifunika kwa magunia. Mimi nilizaliwa nikaikuta pale, kuku wakitaga juu ya kiti chake.

Siku moja ya likizo, baba mdogo alikuja na mnunuzi wa vyuma chakavu, mizani mkononi. Wakaikadiria kuwa kilo sabini hivi. "Elfu tatu, namaliza," akasema yule mnunuzi. Nyanya akaona hizo ni pesa za mbolea. Babu hakusema neno. Aliinuka kwa mkongojo wake, akaenda kusimama kando ya yale magunia. Nilipomwona hivyo nikaropoka, "Msiiuze! Nitaitengeneza mimi." Watu wote walinigeukia. Mimi ambaye sikuwahi kufungua hata baiskeli! Baba alinitazama kwa muda kisha akasema, "Sawa. Lakini alama zako zikishuka, mwenye mizani atarudi." Hapo ndipo nilipojifunga.

Kabla sijashika spana nilitaka kujua nasaba ya mgonjwa wangu. BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms, yaani kiwanda kilichoanza kwa kuunda bunduki huko Uingereza, na ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemeana. Bantam ni jina la kuku wa umbo dogo. Lakini kuku huyu hakuanguliwa Uingereza. Muundo wake ulikuwa wa Wajerumani, pikipiki iliyoitwa DKW RT 125. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka wa 1945, washindi walichukua ramani zake kama fidia, na Waingereza wakaanza kuuza Bantam mwaka wa 1948. Warusi na Wamarekani nao waliunda za kwao kutokana na muundo uo huo. Hata Yamaha, pikipiki yao ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka wa 1955, ilifuata DKW hiyo hiyo. Kwa hivyo wewe unayejigamba na Yamaha ya mjomba wako, fahamu kwamba ina undugu na ile iliyokuwa ikitagiwa mayai kwetu.

Sasa niingie katika hoja zangu.

Kwanza, chuma hakidanganyiki. Pistoni ilikuwa imeshikamana na silinda kwa kutu. Babu aliniagiza nimimine mafuta ya taa kupitia tundu la plagi, kisha ningoje. Siku ya tatu subira ikaniishia, nikachukua nyundo. Pigo la kwanza, kimya. Pigo la pili, kipande cha pezi la silinda, yale mapezi yanayopozwa na upepo, kikaruka hadi ukutani. Nilidhani Babu angenichapa kwa ule mkongojo. Badala yake aliokota kile kipande akanitilia kiganjani. "Chuma hakipigwi, mjukuu wangu," akasema. "Chuma hubembelezwa." Tuliendelea kumimina mafuta na kungoja. Siku ya kumi na sita nilisukuma kwa kipande cha ubao, pistoni ikateleza kama iliyokuwa ikiningojea. Lile pengo kwenye silinda lipo hadi leo.

Nati nazo zilinifunza adabu. Spana namba 13 ilionekana kutosha, nikakaza mkono, nati mbili zikapoteza kona zake zote. Kumbe vyombo vya Waingereza vya enzi hizo havipimwi kwa milimita. Vilitumia kipimo chao kiitwacho Whitworth, na spana zake Babu alikuwa nazo ndani ya kiroba, zimefungwa kwa kitambaa. Sikuwa nimemuuliza. Kiburi si maungwana.

Walimu wangu mnisamehe kwa ninalotaka kukiri hapa. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza niliwahi kuingia na mwakenya katika mtihani, ukafaulu, na hakuna aliyejua. Nilidhani huo ndio ujanja. Lakini ninyi niambieni, utaiandikia pistoni mwakenya gani? Ukikaza vibaya itavuja. Ukisahau kipande kimoja, kitabaki mezani kikikucheka. Tangu siku ya lile pezi sijaingia na kikaratasi katika chumba chochote cha mtihani, na wala si kwa sababu ya kuogopa kiboko.

Pili, bandani ndipo nilipoyaelewa masomo ya darasani. Tuliandika katika daftari kwamba kutu huhitaji maji na hewa ya oksijeni. Tukapata vema, tukasahau. Bandani niliona kwamba mahali palipobaki na grisi chuma kiling'aa kama cha jana, na palipovujiwa na mvua kilimomonyoka kama mkate.

Kisha beringi za kranki zikakataa kutoka. Nikakumbuka somo la metali na joto, kwamba alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma cha pua. Kasha la injini ni la alumini na beringi ni za chuma cha pua. Basi kasha likipata joto si litaziachilia? Nilimwomba Nyanya sufuria yake kubwa, akaapa kwamba sufuria ya sherehe haipikiwi vyuma. Akanipa debe. Nikachemsha maji, nikatumbukiza kasha, nikaligonga polepole juu ya ubao. Beringi ikadondoka yenyewe, pu! Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia uani. Sikuwahi kupiga kelele kwa sababu ya fizikia.

Na cheche ya plagi je? Humo ndani mna sumaku zinazozunguka na koili. Pointi zinapoachana, mkondo wa umeme hukatika ghafla, na koili ya pili, yenye mizunguko mingi zaidi ya waya, hutoa maelfu ya volti. Mwanya wa pointi hizo ni inchi 0.015 tu. Ukiziacha zikapishana vibaya, utapiga kiki hadi jua litue. Nimepiga.

Tatu, tuache dharau. Kuna siku tulishuka Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ile wazee wangali wanaiita Grogan, kutafuta fundi wa kukereza bushi mpya. Tukampata fundi mmoja mzee, mzaliwa wa Mombasa. Aliniambia, "Nipe tupa hiyo." Nami nikamletea chupa ya soda! Mafundi walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi, mwanachama wa Chama cha Kiswahili, sikujua kwamba tupa ni kile chuma cha kusugulia chuma kingine. Siku hiyo nikajifunza pia jiliwa, kinachobana kitu kisisogee, na keekee ya kutobolea, na tindo ya kukatia, na kulehemu. Maneno hayo yamo kamusini, lakini mimi niliyapata kwa mtu mwenye mikono myeusi kwa oili. Alipomaliza, ile bushi iliingia mahali pake bila kusukumwa, na alikuwa ameipima kwa vidole na jicho zaidi ya kifaa chochote. Huyo ndiye "aliyeishia jua kali"? Basi naomba nami niishie huko.

Najua wapo watakaonipinga, na hoja yao nzito ni moja, kwamba uraibu huu huiba masomo. Sitadanganya. Uliiba. Muhula wa pili nilikuwa nikichora kabureta nyuma ya daftari la historia wakati wa masomo ya jioni, na kutoka nambari ya nane nikaporomoka hadi ya ishirini na moja. Baba hakuniita mwenye mizani, ila alilifunga banda kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Likizo nzima nilikaa nikilitazama lile banda kama mbwa atazamavyo bucha. Tukapatana hivi: asubuhi ni vitabu, alasiri ni banda, na shuleni ni marufuku kabureta kuonekana hata katika ndoto. Muhula uliofuata nilirudi nambari ya saba. Mkosaji hakuwa pikipiki. Mkosaji alikuwa mimi nisiyejua kugawa siku. Hata mpira huiba masomo, lakini sijaona mtu akifungiwa mpira na kuitwa wa jua kali.

Wengine husema ni hatari. Ni kweli pia. Petroli si maji, na breki za zamani hizo huenda vitambaa vyake vina asbesto, ambayo vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Usiyapulize kwa mdomo kama wafanyavyo wengi. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji. Kufanya kazi kwa uangalifu nako ni elimu.

Jumamosi moja ya Desemba tulichanganya oili na petroli, sehemu moja kwa takriban ishirini, kwani injini hii hulainishwa na petroli yake yenyewe. Nikapiga kiki mara ishirini na tatu. Ya ishirini na nne ikakohoa, ikatoa moshi wa buluu, ikanguruma. Nyanya alitoka jikoni na mwiko mkononi. Binamu yangu, ambaye ni mwendeshaji wa boda boda na hujiona bingwa, akaichukua mbio kuijaribu uani. Hatukuwa tumemwambia kwamba Waingereza waliigeuza ile ramani ya Wajerumani kama kwenye kioo, gia ikawa mguu wa kulia na breki kushoto. Alipotaka kusimama alikanyaga gia, akaishia katika ua la michongoma. Hakuumia, ila heshima yake.

Na Babu? Macho yake siku hizi ni hafifu. Aliketi barazani ameinamisha kichwa akisikiliza. Nilingoja anisifu. Akasema, "Cheche inachelewa kidogo. Kesho uirekebishe." Mimi sijapata sifa kubwa kuliko hiyo, kwa maana alisema nami kama fundi anavyosema na fundi mwenzake.

Hatukuipaka rangi mpya. Ile rangi yake ya kijani hafifu imebaki, na mikwaruzo yake, na pengo langu la pezi. Barabarani haiendi. Inazunguka uani tu.

Nimalizie kwa ombi kwa walimu wetu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 uliahidi masomo ya mikono, na shule yetu ina karakana hadi leo, ila imekuwa stoo ya madawati mabovu. Naomba tufunguliwe mlango huo Jumamosi moja alasiri kwa mwezi. Hatutaki mashine za bei ghali. Tutaanza na madawati yayo hayo, kisha mifereji inayovuja, kisha baiskeli ya mlinzi. Spana na tupa nitaleta mimi.

Nawe uliyenicheka kutoka viti vya nyuma, sina kinyongo nawe. Dawati lako ndilo linaloyumba kuliko yote darasani. Njoo tuanze nalo.