Mwacheni mtoto wa awali acheze

Mtoto wa miaka 5 akirudi shuleni, kuna mzazi ambaye kabla ya kumvua viatu anafungua begi kutafuta daftari. Asipokuta mstari wa “a” na vema ya kalamu nyekundu, anauliza ada yake inakwenda wapi. Mwalimu analijua hilo. Daftari litajaa kila siku, hata ikibidi aushike mkono wa mtoto na kumwandikia.

Tuseme wazi kwamba hayo ni maonyesho kwa wazazi. Elimu ya awali siyo hiyo.

Mtaala wa elimu ya awali uliotolewa Tanzania mwaka 2016 haukuagiza hivyo. Ulitaka mtoto ajifunze kuhusiana na wenzake, kuwasiliana, kutunza afya na mazingira yake, kuchora na kuimba, na kupata stadi za mwanzo za hisabati, tena kwa michezo. Ndiyo maana darasa la awali linatakiwa kuwa na kona za kujifunzia: ya vitabu, ya ujenzi, ya nyumbani, ya duka. Anayeiona kona ya duka kuwa upuuzi akakae pale robo saa. Mteja anataka sabuni, yaani boksi tupu, ya vizibo 3 vya soda. Ametoa 5. Muuzaji amerudisha kimoja, mteja anakataa kuondoka, na aliye nyuma kwenye foleni anaingilia: “Bado kimoja!” Wanahesabu upya. Mwalimu kachuchumaa pembeni, anauliza tu, “Umejuaje?” Hapo pana kutoa, pana kujieleza, pana kusubiri zamu. Mtoto huyohuyo ukimnakilisha 5-3=2 ukurasa mzima, utapata ukurasa mzima.

Lakini lawama zote tusimtwike mwalimu. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu 1 kwa watoto 25. Tangu elimumsingi bila ada ianze mwaka 2016, madarasa mengi ya awali ya shule za umma yamefurika. Mwalimu aliye peke yake mbele ya watoto zaidi ya 100, baadhi wamekaa sakafuni, atawaimbisha vokali kwa pamoja kwa sababu hana njia nyingine ya kuwatuliza. Na shule ikipungukiwa walimu, darasa la awali ndilo rahisi kunyang’anywa wake. Halina mtihani wa taifa, nani atauliza?

Vifaa visiwe kisingizio. Mombasa, miaka ya 1980, Bi Swafiya Said aliwafunza kina mama wa mitaani kuendesha madarasa ya awali ndani ya madrasa, wakitumia makopo, vifuu, mbegu na makombe ya baharini. Mpango huo, ulioungwa mkono na Aga Khan Foundation, ukafika Zanzibar na Uganda. Kilichogharimu kilikuwa mafunzo ya walimu hao na kuwafuatilia darasani. Huko ndiko halmashauri zetu zinakobana mkono.

Tunataka mambo matatu. Mwalimu aliyesomea elimu ya awali apangwe darasa la awali na abaki huko. Mthibiti ubora akifika, aanze na kona, daftari baadaye. La tatu ni usaili. Shule inayompa mtoto karatasi ya kusoma na kuandika ndipo imwandikishe darasa la kwanza inazigeuza chekechea zote za jirani kuwa tuisheni, maana mzazi gani atakubali mwanawe acheze duka wakati mwenzake anakaririshwa majibu? Machi 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na wenye shule walinung’unika sana. Usaili huu unastahili mkono uleule, na waraka wake utoke kabla fomu za Januari hazijaanza kuuzwa.