Ualimu wa Msingi Si Kazi ya Waliofeli



Binti wa marehemu kaka yangu kapata Daraja la Kwanza Kidato cha Nne. Nikampigia kumpongeza, nikamuuliza anataka kusomea nini. "Shangazi, nataka kuwa mwalimu wa shule ya msingi."

Nilifoka. Nikamwambia sikeshi wodini huku Uingereza ili yeye akashike chaki. Akanyamaza. Ada nalipa mimi, kwa hiyo neno langu lilikuwa zito.

Usiku ule nilikuwa na mtoto wa kilo 16, ana homa. Miligramu 15 za parasetamo kwa kila kilo, jumla 240. Chupa ina miligramu 120 katika mililita 5, basi apewe mililita 10. Hesabu hiyo sikufundishwa chuo kikuu. Nilifundishwa Darasa la Tatu, kwa vizibo vya soda, na mwalimu wa UPE, wale waliochukuliwa na elimu ya Darasa la Saba miaka ya 1970 kujaza madarasa. Mwalimu huyo huyo ndiye aliyetufundisha Kiswahili, Sayansi na kuimba.

Jamani, tujiulize. Kwa miaka mingi Tanzania iliwapeleka ualimu wa msingi hata waliopata Daraja la Nne, wenye Daraja la Kwanza wakaenda udaktari na sheria. Halafu tunashangaa mtoto anamaliza shule hajui kusoma! Hapa England, kupata ualimu wa msingi unaotambuliwa kunadai shahada, na uwe umefaulu Kiingereza, Hisabati na Sayansi, vyote vitatu. Sababu ni kwamba mwalimu mmoja anafundisha karibu kila somo. Wa sekondari anaweza kujificha nyuma ya somo lake moja. Wa msingi hana pa kujificha.

Mtasema mshahara ni mdogo. Kweli, na hilo tuidai serikali. Lakini dharau si ya serikali peke yake. Ni yetu pia, sisi tunaotuma pesa na kuchagua nani asomee nini.

Nimempigia tena binti yangu. Nimemwomba radhi, nimemwambia ada ipo, ila Hisabati asiiache. Kajibu "asante shangazi", kwa sauti ndogo. Najua bado ana kinyongo, na ana haki.

Naomba kutoa hoja.