Mambo ya Baiskeli: Matairi Mawili ya Inchi 28 Yasiyolingana

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii humfaa mkulima anunuaye tairi jipya la inchi 28 sokoni, akalipeleka kwa fundi kwa furaha, kisha akaambiwa kwamba haliingii katika gurudumu lake. Fedha zimekwenda, na maziwa ya asubuhi yangali yakingoja kupelekwa kituoni. Kosa lake ni kuiamini namba ya inchi peke yake.

Hapo zamani matairi yalitajwa kwa kipenyo cha nje, upepo ukiwa umejaa. Kwa hiyo tairi nene la rimu ndogo na tairi jembamba la rimu kubwa yaliweza kupewa namba ile ile. Baiskeli nzito ya mizigo, ambayo Wakenya huiita Black Mamba, hutumia tairi la 28 x 1½, nalo hukalia rimu ya milimita 635. Tairi la 28 x 1⅝ x 1⅜ nalo huitwa la inchi 28, lakini rimu yake ni ya milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, nayo yatosha kuharibu kazi. Hata kwa inchi 26 mambo ni hayo hayo: 26 x 1⅜ ni milimita 590, na 26 x 1.75 ni milimita 559.

Tairi dogo likilazimishwa kwa bisibisi, tyubu hutoboka na waya wa ukingoni huharibika. Tairi kubwa, likivalishwa rimu ndogo, huingia kwa urahisi mno, na hapo ndipo penye hatari. Upepo ukijaa laweza kuchomoka, pengine mteremkoni, mwendeshaji akiwa amepakia gunia nyuma. Tyubu hunyumbuka na huweza kuazimana, tairi haliazimani.

Katika karakana ya kijiji, ambamo magurudumu ya baiskeli kuukuu zilizoletwa kutoka Ulaya hutundikwa pamoja na ya Black Mamba, vipimo huchanganyika upesi. Yafaa fundi afanye kama karani afanyavyo na majalada yake. Ubavuni mwa tairi la siku hizi huandikwa namba mbili, kwa mfano 40-635. Ya kwanza ni unene, na ya pili ni kipenyo cha rimu, zote kwa milimita. Hiyo ya pili ndiyo ya kufuatwa. Na iandikwe kwa chaki juu ya kila gurudumu, na yaliyo sawa yatundikwe pamoja. Rimu isiyo na namba ijaribiwe kwa tairi kuukuu ambalo namba yake yasomeka. Kwa kazi hiyo lihifadhiwe moja la kila kipimo.

Breki nazo zisisahauliwe. Fito za chuma za Black Mamba huvuta mipira ya breki juu, ikashika rimu kwa upande wa ndani, uelekeao kitovu cha gurudumu. Gurudumu la umbo jingine laweza kutoshea katika fremu, lakini breki zisilishike. Baiskeli ya namna hiyo isitolewe karakanani.

Basi, kabla ya kwenda sokoni, mwenye baiskeli na aandike namba ya tairi lake la zamani katika kikaratasi. Kikaratasi hicho hakina bei, nacho kitamwokolea bei ya tairi zima.